Ofisi ya Uhusiano au Chumba cha Mhadhiri: Uende Wapi na Shahada Yako ya Mawasiliano?

Swali hili huletwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhusiano wa umma, labda pale Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, labda Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino (SAUT), Mwanza. Ana matokeo mazuri, na mwalimu wake amemnong'oneza kwamba asiende mbali, nafasi za wakufunzi wasaidizi huenda zikatangazwa. Wa pili ni afisa habari mwenye miaka minne mitano kazini. Amechoka kuandika taarifa kwa umma ambayo aya ya tatu hukatwa na mwanasheria kila mara, na usiku anatafuta vyuo vya kusomea PhD. Wote wanataka kujua jambo moja: nibaki kufanya kazi ya uhusiano, au niende kuitafiti na kuifundisha?

Ushauri wanaopewa mitaani ni wa mshahara na heshima ya kuitwa Dokta. Hayo nitayagusa. Lakini mimi niliyekaa pande zote mbili naiona tofauti kubwa mahali pengine. Ofisini swali ni la mwajiri, na jibu linatakiwa kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Chuoni swali ni lako, na jibu linaweza kukuchukua miaka mitatu. Mtu asiyejua anapenda lipi kati ya hayo atanung'unika popote atakapokaa.

Tukio moja, meza mbili

Chukua jambo ambalo hakuna mji lisikotokea. Bomba kuu limepasuka na nusu ya mji haina maji kwa siku ya pili. Saa kumi na mbili asubuhi simu ya afisa uhusiano wa mamlaka ya maji inaita mfululizo. Redio wanataka sauti ya kuweka kwenye matangazo ya asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa ametuma video ya foleni ya madumu. Mtu mmoja mtandaoni ameweka picha ya bomba la mwaka juzi na kudai ni la jana.

Afisa anaanza kwa kumtafuta injinia ili ajue maji yanarudi lini. Injinia anamwambia, "Tunaendelea na jitihada." Afisa hataki jitihada, anataka saa. Baada ya simu ya tatu anaipata, tena kwa sharti kwamba injinia asitajwe. Anaandika rasimu: maeneo yaliyoathirika kwa majina, chanzo, muda unaotarajiwa, na mitaa ambayo magari ya maji yatapita. Rasimu inakwenda kwa mkurugenzi, kisha kwa mwanasheria. Inarudi ikiwa na maneno mapya juu kabisa, "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na orodha ya maeneo imefutwa kwa hoja kwamba italeta taharuki. Afisa anachagua vita vyake: orodha anaipigania hadi irudi, yale maneno ya juu anayaacha yapite. Saa tano taarifa inatoka kwenye karatasi yenye nembo, inapigwa picha kwa simu na kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Saa nane mchana anaulizwa kuhusu bili.

Taarifa hiyohiyo inamfikia mtafiti miezi sita baadaye, ikiwa ndani ya faili moja na taarifa za mamlaka nyingine za miaka kadhaa. Yeye hamtafuti injinia. Anachosimama nacho ni yale maneno yaliyopachikwa na mwanasheria, kwa sababu yanahusu lawama. Timothy Coombs, msomi wa Kimarekani ambaye nadharia yake ya mawasiliano ya migogoro hufundishwa karibu kila chuo chenye kozi hii, anagawa migogoro kwa kuangalia umma unaitwisha taasisi lawama kiasi gani. Kuna migogoro ambayo taasisi yenyewe ni mhanga, kuna ya bahati mbaya, na kuna iliyoweza kuzuilika. Kila kundi lina majibu yanayolifaa: kukana, kupunguza uzito wa jambo, au kukubali na kufidia. Bomba likipasuliwa na mafuriko, kusema "nje ya uwezo wetu" kunaweza kupita. Bomba hilohilo likipasuka kwa mara ya nne, historia ya matukio yaliyopita huihamishia taasisi lawama, na maneno yale yale yanawaudhi watu kuliko ukimya.

Hapo mtafiti bado hajafanya kitu, kwa sababu hayo yameshaandikwa. Kazi yake inaanza anapouliza: nadharia iliyojengwa kwa kampuni zinazoogopa kupoteza wateja inasema nini kuhusu mamlaka ya maji ambayo mteja wake hana pa kuhamia? Nani anaogopa kuchafuka jina mahali ambapo hakuna mshindani? Swali hilo linaweza kummeza miaka miwili ya usomaji, mahojiano na uchambuzi. Mwisho wake atapata makala ya kurasa ishirini itakayosomwa na watu wachache, ambao baadhi yao wataingiza hoja yake kwenye mitaala, na kizazi kijacho cha maafisa kitaikuta darasani.

Ukirudia kusoma aya hizo, angalia ni wapi ulitamani uwe wewe. Ukiona saa ile ya kumpata injinia ndiyo tamu, chuo kitakuchosha. Ukiona yule afisa aliharakisha mno kuacha yale maneno yapite, na bado unayawazia, pengine ofisi imekuwa ndogo kwako.

Mlango wa kuingilia

Huku ndiko watu wengi hawaangalii mapema, na ndiko ndoto nyingi huishia.

Mlango wa ofisi ni mpana. Serikalini Tanzania unaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, unafanya usaili wa kuandika na wa mahojiano, unaanza kama Afisa Habari Daraja la II na kupanda kwenda Daraja la I, Mwandamizi, hadi Mkuu. Kampuni binafsi, mashirika yasiyo ya kiserikali na kampuni za ushauri wa mawasiliano hawajali sana alama. Wanataka kuona ulichoandika, kampeni uliyoendesha, na kama unaweza kusimama mbele ya kamera bila kutetemeka.

Mlango wa chuo umefungwa kwa namba. Kwa vyuo vikuu vya Tanzania, matangazo ya nafasi ya mkufunzi msaidizi kwa kawaida hutaka wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na mhadhiri msaidizi hutakiwa kuwa na 4.0 kwenye uzamili. Mwenye 3.4 anaweza kuwa msemaji hodari kuliko wote mkoani na asiitwe hata kwenye usaili. Kenya kufuli ni la aina nyingine: tangu kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014, PhD ndiyo sifa ya msingi ya kuitwa mhadhiri. Matokeo yake ni kwamba Wakenya wengi husoma PhD kwanza, mara nyingi kwa fedha za mfukoni, huku wakifundisha kwa mkataba wa muda katika vyuo viwili vitatu, na malipo ya mikataba hiyo huchelewa muhula baada ya muhula.

Kwa hiyo njia hizi mbili hazilingani. Mhadhiri wa uhusiano wa umma anaweza kuondoka kesho na kuwa mkuu wa kitengo cha mawasiliano cha benki. Imetokea mara nyingi. Afisa anayetaka kwenda chuoni atasimamishwa na alama alizopata akiwa na miaka ishirini na mbili. Kama alama zako zinatosha, huna haraka, maana haziozi. Kama hazitoshi, tegemeo lako ni uzamili mzuri wenye tasnifu ya utafiti, kisha PhD, na hata hapo utategemea zaidi vyuo binafsi au nafasi za nje. Uzamili wa masomo ya darasani peke yake unasaidia kupanda cheo ofisini, lakini ukiomba PhD utaulizwa umetafiti nini, na ukose la kuonyesha.

Fedha, kwa ufupi

Serikalini Tanzania afisa anayeanza yuko kwenye ngazi za mshahara za watumishi wa serikali, TGS, na wahadhiri wa vyuo vya umma wana ngazi zao, PUTS, zinazoanzia juu zaidi. Hiyo ni kwenye karatasi. Afisa ana posho za safari, vikao na ziara za viongozi. Mhadhiri ana ushauri elekezi, mafunzo ya muda mfupi na kusahihisha mitihani ya nje. Afisa wa benki, kampuni ya simu au shirika la kimataifa huwapita wote wawili. Kenya ongeza migomo: chama cha wahadhiri, UASU, kimekuwa kikivutana na serikali kuhusu makubaliano ya mishahara kwa miaka mingi, na muhula ukisimama, maisha nayo husimama.

Fedha za chuo huja taratibu na hutegemea cheo, na cheo hutegemea machapisho. Anayeingia chuoni kwa sababu ya mshahara amekosea hesabu.

Nani bosi wako

Afisa uhusiano husema kwa jina la mtu mwingine. Hiyo ndiyo kazi, wala haina aibu. Kuna sheria inayompa nguvu: Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya muda uliowekwa. Afisa anayeijua vizuri sheria hiyo ana kauli ofisini kuliko anayetegemea ukaribu na mkurugenzi. Hata hivyo, jambo likiwa zito, uamuzi si wake. Anaweza kushauri, anaweza kubishana ndani ya chumba. Akitoka nje anasema kilichokubaliwa.

Katika kampuni za ushauri jambo hili huwa kali zaidi, kwa sababu mteja ndiye anayelipa. Mfano unaofundishwa siku hizi ni wa Bell Pottinger, kampuni ya London iliyofanya kazi kwa familia ya Gupta nchini Afrika Kusini na kutuhumiwa kuchochea chuki za rangi kwa kampeni yake. Septemba 2017 chama cha taaluma cha Uingereza, PRCA, kiliifukuza, na haikuchukua muda kampuni ikaanguka.  Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2018 wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kampeni za kisiasa, walirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 wakijigamba kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Mtafiti anaweza kuuliza hadharani kampeni zile zilifanya nini kwa wapiga kura. Afisa aliyekuwa ndani amesaini mkataba wa usiri.

Usidhani basi kwamba mtafiti hana bosi. Anao wengi, ila hawakai ofisi moja. Kibali cha utafiti Tanzania kinapita kwenye tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, au chuo chako; Kenya kinapita kwenye tume yao, NACOSTI. Ukishakipata unahitaji barua ya mkoa, ya wilaya, na hatimaye ukubali wa taasisi unayotaka kuitafiti, ambayo mlango wake unalindwa na afisa uhusiano mwenzako. Ukitaka kuchapisha takwimu Tanzania lazima uijue Sheria ya Takwimu ya 2015, marekebisho ya 2018 yaliyobana wanaopinga takwimu rasmi, na marekebisho ya 2019 yaliyolegeza. Baada ya hapo kuna wasomi wasiotajwa majina wanaopitia makala yako kabla ya jarida kuikubali. Mmoja atapenda. Mwingine atataka ueleze kwa nini umechagua Tanzania, swali ambalo hakumuuliza aliyeandika kuhusu Ohio.

Na kuna lugha. Taarifa unazochambua ni za Kiswahili, mahojiano ni ya Kiswahili, hasira za watu kwenye maoni ni za Kiswahili cha mtaani, kisha tasnifu yote inaandikwa kwa Kiingereza na majarida makubwa ya fani, kama Public Relations Review lililoanza 1975 au lile la kimataifa la mawasiliano ya kimkakati lililoanza 2007, yote ni ya Kiingereza. Kiswahili kina majarida yake ya heshima, Kiswahili na Mulika ya pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini hayo ni ya lugha na fasihi. Anayetaka kuandika kwa kina kuhusu uhusiano wa umma kwa Kiswahili atajijengea jukwaa mwenyewe, na kamati ya kupandisha vyeo haitampa alama nyingi kwa hilo. Hili linaniudhi, na sioni likibadilika karibuni.

Ofisini, kinyume chake, Kiswahili ndicho chombo cha kazi. Afisa anayeweza kuandika aya tatu zinazoeleweka na mama muuza mboga na mbunge kwa pamoja ana ujuzi ambao tasnifu haiwezi kuupima.

Wanaosoma migogoro yetu

Septemba 2013, jengo la Westgate la Nairobi liliposhambuliwa, polisi, Msalaba Mwekundu, wizara na viongozi walitumia Twitter kwa namna ambayo haikuwa imeonekana sana kanda hii. Mwaka uliofuata ilitoka makala kuhusu matumizi hayo kwenye jarida la PLoS ONE, na imekuwa ikitajwa na wengi. Waandishi wake walikuwa watafiti wa maandalizi ya maafa kutoka Israel. Walikuwa na haki kuandika, na waliandika vizuri; twiti zilikuwa wazi kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba maafisa waliokuwa wakizituma walikuwa na kitu ambacho twiti hazionyeshi, yaani nani aliidhinisha nini, saa ngapi, na nini kilizuiwa. Kitu hicho hupotea kwa sababu afisa anahamia tukio linalofuata, na mhadhiri aliye karibu ana rundo la karatasi za mitihani.

Ndiyo maana sipendi kijana atoke digrii ya kwanza moja kwa moja hadi PhD bila kukaa ofisini. Mtafiti ambaye hajawahi kusubiri idhini ya taarifa huku simu inaita huamini kwamba kilichoandikwa ndicho taasisi ilichotaka kusema. Atahesabu maneno na kukosa mvutano uliomo ndani yake. Miaka mitatu hadi mitano ya kazi humpa maswali ambayo maktaba haina. Ikizidi kumi, ninaowajua wengi hawaendi tena: kuna watoto, mkopo wa nyumba, na unyenyekevu wa kuitwa mwanafunzi unakuwa mgumu kuumeza.

Pale njia hizi zilipowahi kukutana

Anayedhani utafiti wa mawasiliano ni kazi ya kupandia vyeo tu anapaswa kujua Tanzania ilikuwa wapi miaka mingi iliyopita. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia watu wazima takriban milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, ikafuatiliwa na watafiti tangu mwanzo, na ikaandikwa. Ilikuwa mawasiliano ya kimkakati kabla jina hilo halijawa la kwenye vyeti.

Miaka ishirini baadaye ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati, Redio Tanzania, 1993. Wakubwa wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka. Lengo lilikuwa uzazi wa mpango na UKIMWI. Kilichoufanya ufundishwe duniani kote ni jinsi ulivyopimwa: eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo kuanzia 1993 hadi 1995, likatumika kulinganishia na maeneo yaliyousikia. Everett Rogers, mmoja wa wasomi wakubwa wa mawasiliano wa karne iliyopita, aliandika matokeo pamoja na Peter Vaughan, Ramadhan Swalehe na wenzao mwaka 1999, na yalionyesha wasikilizaji walibadilika zaidi katika kutumia uzazi wa mpango. Baadaye Dodoma nayo ikafunguliwa.

Fikiria mkurugenzi wa leo akiambiwa: kampeni yako tusiirushe mkoa mmoja kwa miaka miwili ili tujue kama inafanya kazi. Afisa wa kawaida hataweza kumshawishi, kwa sababu ripoti yake hupimwa kwa idadi ya habari zilizotoka magazetini na thamani yake kana kwamba zingekuwa matangazo ya kulipia. Kipimo hicho cha thamani ya matangazo kilikataliwa rasmi na wataalamu wa tathmini waliokutana Barcelona mwaka 2010, na bado kinaingia kwenye ripoti za robo mwaka za taasisi nyingi huku kwetu. Afisa mwenye mafunzo ya utafiti hupata kauli hapa. Anaweza kusema nini kinapimika, kwa gharama gani, na kukataa namba ya kufurahisha wakubwa.

PhD: nyumbani, Marekani au Ulaya

Ukishaamua chuo, bado kuna uchaguzi ndani ya uchaguzi.

Nyumbani, iwe Dar es Salaam, Mwanza, Makerere au Daystar ambayo ina jina kubwa katika mawasiliano, faida ni kwamba unabaki karibu na unachokitafiti na kazi yako inaweza kuendelea. Hasara ni fedha na muda wa wasimamizi. Wasimamizi wenye PhD ya uhusiano wa umma hasa ni wachache. Wengi ni wa uandishi wa habari au wa mawasiliano kwa maendeleo, na watakuvuta kwenye wanachokijua. Muulize anayesoma chini ya msimamizi huyo sasa hivi: rasimu ya sura hurudi baada ya wiki ngapi? Jibu hilo lina uzito kuliko jina la chuo.

Marekani ndiko fani ilikozaliwa. Edward Bernays alifundisha kozi ya uhusiano wa umma Chuo Kikuu cha New York mwaka 1923, na James Grunig, ambaye yeye na Todd Hunt waliandika mwaka 1984 ile mifano minne ya uhusiano inayokaririwa na kila mwanafunzi, alijenga kundi la watafiti Chuo Kikuu cha Maryland. Huko PhD huchukua miaka minne hadi mitano au zaidi, huanza na masomo ya darasani na mitihani mizito, na vyuo vingi hulipa ada na kukupa posho kwa kufundisha. Unatoka ukiwa na mbinu za utafiti zilizokomaa na uzoefu wa darasa. Ukipata kazi hukohuko kama profesa msaidizi, unapewa takriban miaka sita ya kuchapisha kabla ya kuamuliwa kama utabaki, na presha yake si mchezo. Uhamiaji nao una vikwazo vyake.

Ulaya ya Kaskazini mtindo ni mwingine: nchi kama Sweden, nafasi ya PhD hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Chuo Kikuu cha Lund hufundisha na kutafiti mawasiliano ya kimkakati kwenye kampasi yake ya Helsingborg. Nafasi ni chache, ushindani ni wa dunia nzima, na mara nyingi mradi umeshapangwa na profesa, hivyo swali lako la mamlaka ya maji linaweza kukosa nafasi. Uingereza utaingia moja kwa moja kwenye utafiti kwa miaka mitatu au minne, ila bila ufadhili ada itakukimbiza.

Kwa mtu aliyekaa ofisini na mwenye swali lake mkononi, ningependekeza PhD ya nyumbani yenye msimamizi wa pili kutoka nje kuliko kwenda mbali kutafiti swali la mtu mwingine. Kwa kijana mwenye alama za juu, asiye na familia wala swali lililokomaa, Marekani itamjenga zaidi.

Asiyepaswa kwenda, na asiyepaswa kubaki

Asiende chuoni anayekimbia bosi mbaya. Bosi hubadilika kwa uhamisho wa barua moja. PhD iliyoanzwa kwa hasira hukwama mwaka wa pili, pale upweke unapoanza. Asiende pia anayependa jukwaa: kuongoza hafla, kusimama na viongozi, kuonekana. Mhadhiri huonekana na wanafunzi, na baada ya wiki ya sita nao hawaji wote.

Asibaki ofisini ambaye kila taarifa anayoitoa inamwachia swali asiloweza kulala nalo. Wala asibaki aliyegundua kwamba kazi yake imegeuka kuwa ya fulana, mabango na kupiga picha wakubwa wakikata utepe, na hakuna anayemwita kwenye kikao cha uamuzi. Huyo si lazima aende chuoni. Pengine anahitaji kampuni ya ushauri, au kitengo cha ufuatiliaji na tathmini katika shirika la afya, ambako mawasiliano na utafiti hukaa dawati moja na malipo si haba. Ni njia isiyosemwa sana, na kwa wengi wanaoniuliza ndiyo inayowafaa.

Kwa aliye kwenye utumishi wa umma na ameamua, aanze na afisa utumishi kabla ya kumwandikia profesa yeyote. Jina lako linapaswa kuwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri ndipo upate ruhusa ya masomo na mshahara uendelee, na kwa kawaida utasaini kurudi kufanya kazi kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Soma kipengele hicho cha miaka vizuri. Kama chuo ndicho unakotaka kuishia, uliza mapema kama uhamisho kwenda chuo kikuu cha umma unahesabika kuwa umerudi utumishini, na jibu ulipate kwa maandishi.